Sproketi ya Pili

Mkate Moto alikuwa hawezi tena kupanda mlima. Tatizo lilikuwa hilo, na hakuna namna ya kulipamba. Goti lake la kulia lilikuwa limechoka, baiskeli yake ilikuwa na sproketi, yale magurudumu ya meno yanayovuta cheni, moja mbele na moja nyuma, na mikate ya bekari ilitakiwa kule juu kabla watu hawajatoka kwenda kazini. Kwa miaka mingi alikuwa akipanda bila kuinuka kwenye tandiko. Mwaka ule akaanza kushukia kwenye kona ya duka la rangi na kuikokota baiskeli njia iliyobaki. Halafu akawa anashukia kabla ya kona. Mwishowe akawa hata hajaribu, anaisukuma kutoka chini mpaka juu, kreti mbili zimefungwa nyuma, jasho linamtiririka hadi kwenye soksi, na watu wa mlimani wanakunywa chai kavu.

Jina la Mkate Moto walimpa watu wa mlimani wenyewe, kwa kuwa zamani alikuwa akifika mkate ukiwa bado unachoma vidole. Sasa palikuwa na mpangaji mmoja mwenye ulimi mkali aliyeanza kumwita Kiporo. Alimwita hivyo mbele ya watu, na watu wakacheka.

Mwenye bekari hakuwa mtu mbaya. Alimwita pembeni, akamwambia, "Mzee wangu, mwisho wa mwezi huu nikisikia tena mikate imefika imepoa, njia ya mlimani nampa yule wa pikipiki. Wewe utashika mitaa ya huku chini."

Huku chini kila duka lilikuwa na mtu wake wa kuliletea mikate. Kazi ilikuwa mlima. Ukimwondolea mlima, Mkate Moto alikuwa mzee mwenye baiskeli, basi.

Sasa, Mkate Moto alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, naye alikuwa fundi baiskeli. Baba yao alipofariki, mkubwa ndiye aliyebeba nyumba. Yeye ndiye aliyemfundisha mdogo wake kuendesha, akimkimbilia nyuma ameshika tandiko. Yeye ndiye aliyempeleka kujifunza ufundi, na spana za kwanza alimnunulia yeye. Fundi hakuwahi kulisahau hilo, wala hakuwahi kupata njia ya kulirudisha. Kibanda chake kilikuwa pale pale mlima unapoanzia, na kila alipomwona kaka yake akipita anasukuma, aliinamisha kichwa kwenye gurudumu lililokuwa mbele yake, akajifanya anahesabu spoki, ili kaka mtu asijue kuwa ameonekana.

Siku hiyo Mkate Moto, akitoka juu, hakupita. Aliegemeza baiskeli kwenye nguzo, akashusha kreti moja tupu, akaikalia, akawa anakunja goti na kulikunjua.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Hii cheni inalia."

"Cheni haina kitu. Nimeipaka mafuta juzi."

"Basi kuna kitu kinalia."

"Ni goti lako, kaka. Nalisikia mpaka hapa."

Mkate Moto akacheka, akalipiga lile goti kofi dogo. "Basi na lenyewe lipake grisi, nione."

Ndipo akaeleza maneno ya mwenye bekari. Aliyaeleza kama mtu anayesimulia habari za jirani, bila kupandisha sauti, huku anaangalia barabarani. Fundi alimjua. Kaka yake hakuwahi kumwomba mtu kitu maishani mwake, na pale pia hakuwa anaomba. Alikuwa amekaa tu.

Ng'ambo ya mtaro palikuwa na kibanda cha kinyozi. Yule kinyozi alikuwa na mteja kitini, lakini masikio yote mawili alikuwa ameyatuma huku.

"Mpumzishe huyo mzee!" akapaza sauti. "Mimi kiti nishamwekea hapa kivulini. Atakuwa ananisomea magazeti."

"Wewe nyoa," fundi akamjibu. "Ukimkata mtu sikio utasema ni kelele za baiskeli."

Kisha akamgeukia kaka yake, na wazo likamjia lote kwa mkupuo mmoja, kama kitu kilichokuwa kimekaa mlangoni kikisubiri kufunguliwa.

"Nitakuwekea sproketi mbili mbele," akasema. "Kubwa uliyoizoea inabaki, ya tambarare. Na ndogo naiweka ubavuni mwake, kwa ndani, ya mlima. Ukifika hapa chini unavuta kijiti kwenye usukani, cheni inahama yenyewe kutoka kubwa kwenda ndogo, pedali zinakuwa nyepesi. Utapanda umekaa, kaka. Utapanda unapiga mluzi."

Mkate Moto akaitazama baiskeli yake kama mtu anayeambiwa kuwa bibi yake ataingizwa shule.

"Hii?"

"Hii hii."

"Hiyo!" kinyozi akadakia. Sasa alikuwa amesimamisha kazi kabisa, mkasi uko hewani. "Hiyo ni mkokoteni uliopata bahati ya usukani. Ukiiwekea gia mbili ikapanda mlima na mzigo, mimi nakunyoa bure mpaka uote kipara."

"Umesikia?" fundi akamwambia mteja wa kinyozi, ambaye alikuwa na povu nusu ya kichwa. "Wewe ni shahidi."

Yule mteja akasema yeye anachotaka ni kumaliziwa kichwa aende zake.

Vifaa fundi alivipata kwenye uwanja wa chuma chakavu, kwenye baiskeli moja ya mbio iliyokuwa imepinda fremu kama mtu mwenye kibiongo. Akavua kila alichohitaji: mikono ya pedali yenye sproketi mbili, kipande cha bati cha kuisukuma cheni ihame, waya wake, na kijiti cha kuvutia. Akapata na ekseli ndefu ya pedali, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa fupi, na kwenye ekseli fupi sproketi ya ndani ingekwangua fremu. Alifurahi siku ile. Alirudi na lundo lile begani kama mtu aliyetoka kuwinda.

Aliifungua baiskeli mchana, akaitandaza vipande kwenye gunia. Alipofika kwenye gurudumu la nyuma akasimama.

Baiskeli ya Mkate Moto ilikuwa ya zile za zamani ambazo breki imo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Ukikanyaga mbele, inakwenda. Ukirudisha pedali nyuma kidogo tu, inashika. Breki za mkononi hazikuwepo kabisa. Usukani ulikuwa mtupu, na kengele upande mmoja. Fundi alilijua jambo hilo tangu utotoni, yeye mwenyewe alijifunzia hapo. Lakini kulijua jambo na kulifikiria ni mambo mawili.

Shida ilikuwa hivi. Cheni ya sproketi mbili lazima iwe ndefu ya kutosha kuizunguka ile kubwa, kwa hiyo ikihamia kwenye ndogo inalegea na kuning'inia. Ili isining'inie, chini yake kunawekwa kimkono chenye springi cha kuikaza. Sasa mtu akirudisha pedali nyuma kwa nguvu ya kufunga breki, uzito wote unaangukia kwenye cheni ya chini, pale pale penye kimkono, na kimkono kinakatika kama njiti ya kiberiti. Breki ya miguu na sproketi mbili havikai nyumba moja. Lazima kimoja kihame.

Fundi akakaa akatafakari. Kisha akanyanyuka, akavuta kopo lake la vyuma vya akiba, akachakurachakura, akatoa sproketi moja ya nyuma. Ilikuwa ya kitovu kile kile, pana kuliko iliyokuwapo, yenye meno mengi zaidi. Kufunga ile ilikuwa kazi ndogo sana. Kaka yake angepata wepesi wake mlimani. Tambarare angekwenda polepole, miguu ikizunguka kama feni, na watu wangemtania kidogo, basi. Breki yake ingebaki pale ilipokuwa siku zote.

Aliishika mkononi akaigeuzageuza.

"Ndiyo hiyo gia mbili?" kinyozi akauliza kutoka ng'ambo. "Mbona naiona moja?"

Fundi akairudisha kwenye kopo.

Mtu akimuuliza leo kwa nini aliirudisha, hana jibu la kumpendeza mtu. Kubadilisha sproketi ya nyuma ni kazi ya fundi yeyote. Hata mwanafunzi wa fundi anaiweza. Kugeuza baiskeli ya sproketi moja kuwa ya mbili, kwenye fremu ambayo haikuzaliwa nayo, mtaa mzima hakukuwa na aliyewahi kuifanya. Alitaka kumfanyia kaka yake kitu kikubwa, chenye ukubwa wa vile alivyofanyiwa. Ndivyo alivyojiambia. Na kinyozi alikuwa anaangalia.

Akaliondoa gurudumu la nyuma pamoja na breki yake, akaweka jingine la kawaida, ambalo pedali ukizirudisha nyuma zinazunguka bure. Akafunga breki za mkononi, moja mbele na moja nyuma, raba mpya, waya mpya. Akaingiza ekseli ndefu, akafunga sproketi mbili, akaunga cheni, akakitega kile kimkono cha springi, akarekebisha lile bati la kusukuma mpaka cheni ikawa inahama bila hata kulalamika. Ilikuwa kazi safi. Hilo hakuna aliyewahi kulikanusha, hata baadaye. Kila nati ilikuwa imekazwa inavyotakiwa.

Siku ya kukabidhi, Mkate Moto alikuja na mkewe. Shemeji alikuwa mama mnene, mpole wa sura, asiyepoteza maneno. Alisimama pembeni, mikono kifuani, akawa anaangalia kama mtu anayepimiwa sukari dukani.

"Kijiti hiki," fundi akaeleza, "ukivuta huku, ndogo. Ukisukuma kule, kubwa. Na breki sasa iko mkononi. Miguu ni ya kukanyaga tu. Umesikia, kaka? Mkononi."

"Mkononi," Mkate Moto akarudia.

Akapanda, akazunguka uwanja mdogo wa nyuma ya vibanda. Alivuta kijiti, cheni ikahama. Akasukuma, ikarudi. Uso ulimng'aa. Alizunguka mara ya pili, akaja kasi kidogo kuelekea ukutani, na hapo fundi akaiona ile miguu ikirudi nyuma. Pedali zikazunguka bure. Mkate Moto akayumba, akateremsha soli ya kiatu ardhini, akasimama pua ikikaribia tofali.

"Ala! Nimekanyaga hewa!" akasema, akaangua kicheko.

Fundi naye akacheka. "Mkono, mzee! Mkono!"

Shemeji hakucheka. "Shemeji," akamwambia fundi, "mwache nayo siku mbili tatu azungukezunguke huku chini. Huyu miguu yake inafunga breki tangu hajanioa. Hata akiota ndoto usiku ananifungia breki kwenye miundi."

Mkate Moto akamtazama mkewe kwa aibu ya kuchekesha. Maneno yalikuwa ya kweli, na fundi alijua ni ya kweli, na alikuwa amefungua kinywa aseme sawa. Alikuwa karibu kabisa kusema.

"Siku mbili tatu?" Kinyozi alikuwa ameuvuka mtaro, kitambaa begani. "Kumbe gia zenyewe ni za kuangaliwa uani! Mimi nilidhani kuna mlima unapandwa. Basi ngoja nikaendelee kunyoa kwa pesa."

Watu wawili watatu waliokuwa wamesimama wakacheka. Damu ikamchemka fundi.

"Kesho anapanda," akasema. "Na mzigo. Kreti mbili, zimejaa. Wewe andaa wembe."

Mkate Moto akamtazama. Fundi aliyaelewa macho yale. Alishayaona wakati wa utoto wao, kila mdogo mtu alipotoa ahadi mbele ya watu na mkubwa akalazimika kuitimiza. Kaka yake hakutaka. Alitaka zile siku mbili tatu. Lakini hakuwa mtu wa kumwaibisha mdogo wake hadharani.

"Kesho," akasema Mkate Moto. "Hakuna neno."

Shemeji akatikisa kichwa, akaenda zake sokoni.

Asubuhi mlima ulipandwa. Na ulipandwa kweli. Mkate Moto alikuja tambarare kwa sproketi kubwa, kreti mbili nyuma zimefunikwa kwa turubai, na harufu ya mkate ikimtangulia. Alipofika mbele ya kibanda akavuta kijiti. Cheni ikashuka kwenye ndogo, klak, mtaa mzima ukasikia. Akaanza kupanda. Miguu ilizunguka upesi lakini kwa wepesi, bila kuinuka, bila kupinda mgongo. Alipita duka la rangi amekaa. Mwenye duka alitoka nje na kikombe mkononi. Fundi alikuwa katikati ya barabara, mikono kiunoni, na alipousikia mluzi kutoka kule juu, mluzi mwembamba wa mtu mwenye pumzi ya kubakiza, macho yalimjaa machozi. Akasingizia vumbi.

"Haya, mkubwa," kinyozi akasema, akavuta kiti na kukipangusa. "Kaa. Mimi nikisema nimesema."

Fundi akakaa kwenye kiti cha kinyozi, akafungwa kitambaa shingoni, akatazamishwa kioo. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameipata kwa muda mrefu. Kinyozi alianza upande wa kulia, huku anamuuliza maswali ya gia kwa heshima ambayo ilikuwa ngeni kwa wote wawili. Kwenye kioo, nyuma ya bega lake, fundi aliuona mlima wote, barabara nyeupe inayoteremka, kona ya duka la rangi, na watu wakianza kutoka majumbani mwao.

Kisha akamwona kaka yake anarudi.

Alikuwa anateremka na kreti tupu, kofia nyuma ya kichwa, anapunga mkono kwa watu kama mgombea. Hakuwa na kasi ya kutisha. Ilikuwa kasi yake ya kila siku, kasi ambayo miguu yake ilikuwa ikiizuia pale pale, kabla ya kona, kila asubuhi. Kwenye uwanja wa duka la rangi gari dogo la mizigo likaanza kutoka kinyumenyume.

Fundi aliona kwenye kioo miguu ya kaka yake ikirudi nyuma. Haikushika kitu. Ikarudi tena, na tena, ikawa inazunguka kinyume mbio mbio, kama ya mtu aliyekosa ngazi gizani na bado anaitafuta. Na baiskeli badala ya kupungua ikawa inaongeza.

"Mkono!" Alikuwa amesimama, kitambaa kinaning'inia shingoni. "Kaka! Mkono!"

Mkate Moto alikumbuka mkono. Hilo lazima lisemwe. Alikumbuka akiwa amekwisha kufika kwenye gari, akabana breki zote mbili kwa nguvu zake zote. Raba zilikuwa mpya. Gurudumu la mbele likaganda. La nyuma, halina mzigo, likainuka, na mzee akarushwa juu ya usukani, akapita ubavuni mwa gari, akaangukia ukingo wa mtaro.

Aliyefika kwanza alikuwa mwenye duka la rangi. Fundi alifika wa pili, nusu ya kichwa imenyolewa. Kaka yake alikuwa amelalia ubavu, macho wazi, damu mdomoni, na mguu wa kulia umegeukia upande ambao mguu haugeukii.

Hospitalini waliwaambia kuwa ni nyonga. Waliongea na shemeji, wakamwonyesha picha, wakamweleza habari za chuma kitakachowekwa na fimbo ambayo itakuwa ya siku zote. Fundi alikuwa amesimama mwisho wa kitanda, na hofu ilikuwa imemkaba. Mtu aliyekabwa na hofu anaweza kusema jambo zuri au la kipuuzi. Yeye alisema, "Si nilikuambia mkono, kaka? Si nilikuambia?"

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe alitamani kuyameza. Lakini yalishatoka.

"Uliniambia," akasema Mkate Moto. Alisema kwa shida, kwa kuwa meno mawili ya mbele hayakuwepo. Kisha akageuzia uso ukutani.

"Na mimi nilikuambia," akasema shemeji. Hakusema zaidi ya hapo. Alikuwa anakunja shuka la mumewe, akalikunja likaisha, akalikunjua, akaanza upya.

Mkate Moto aliporudi nyumbani, fundi aliirudisha baiskeli kama ilivyokuwa. Aliitoa sproketi ndogo, ekseli ndefu, kijiti, na zile breki za mkononi. Akalirudisha gurudumu la zamani lenye breki yake ndani. Na akaifunga ile sproketi pana ya nyuma, ile ya kwenye kopo. Ilimchukua muda mfupi tu. Chai aliyokuwa amejimiminia kabla ya kuanza ilikuwa bado ya kunyweka alipomaliza. Akaiendesha mlimani mwenyewe, na kreti mbili alizozijaza matofali. Ilipanda. Aliporudi chini alirudisha pedali kidogo mbele ya duka la rangi, ikashika, kimya, kama mlango mzuri unavyofunga.

Akaipeleka kwa kaka yake. Mkate Moto alikuwa amekaa barazani, fimbo katikati ya magoti. Aliitazama kwa muda mrefu. Macho ya mtu aliyepanda baiskeli maisha yake yote hayadanganywi. Yalikwenda moja kwa moja kwenye gurudumu la nyuma.

"Umeweka sproketi kubwa."

"Ndiyo, kaka."

"Inapanda?"

"Inapanda."

"Na breki ile ile."

"Ile ile."

Ndani, shemeji alikuwa anaosha vyombo, na ghafla vikanyamaza.

"Ungeweka hii tangu mwanzo, ingetosha?"

Fundi angeweza kudanganya. Angeweza kusema sproketi ile ameipata jana. Hakuna mtu ambaye angejua.

"Ingetosha."

"Ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo. Ilikuwa kwenye kopo."

Mzee akaitikia kwa kichwa, taratibu, mara kadhaa, kama mtu anayekubali bei ambayo hawezi kuipunguza. Kisha akauliza, "Kinyozi alikunyoa?"

"Upande mmoja."

Mdomo wa Mkate Moto ukatetemeka pembeni, kicheko kikaanza kupanda, halafu nyonga ikamchoma akakunja uso, na kicheko kikaishia hapo. Fundi akasubiri kirudi. Hakikurudi.

"Ichukue," akasema mzee. "Mpe mwenye miguu. Hapa itapata kutu bure."

Basi gharama ni hii. Nyonga moja, na meno mawili ya mbele. Njia ya mlimani, ambayo sasa ni ya yule wa pikipiki, na watu wa juu wanasema mikate inafika ya moto. Kinyozi, ambaye hakumpiga mtu wala kumsukuma, hatanii tena, na siku zote vibanda vile viwili viko kimya kama vya watu waliogombana. Shemeji anafua nguo za watu, yeye ambaye mumewe alikuwa anajisifu kwamba hajawahi kumtuma kibarua kwa mtu. Na fundi akienda kumjulia hali kaka yake, shikamoo yake inaitikiwa vizuri, anapewa kiti, anapewa chai. Anaulizwa kazi inaendaje. Ila kaka yake haachi kumwita fundi, kama wanavyomwita wateja wengine, na lile neno jingine, mdogo wangu, halijamtoka tena mdomoni.